New York inatoa, Kentucky inapokea: kuichambua hesabu ya bilioni 116 na bilioni 148

Tarehe 22 Aprili 2020, hospitali za New York zikiwa zimeelemewa na wagonjwa wa korona na mapato ya majimbo ya Marekani yakiporomoka, Seneta Mitch McConnell wa Kentucky, kiongozi wa walio wengi katika Seneti wakati huo, alisema redioni kwamba angeunga mkono majimbo yaruhusiwe kutangaza ufilisi badala ya kuongezewa fedha na serikali ya shirikisho. Taarifa ya ofisi yake ikaita msaada huo uokoaji wa "majimbo ya buluu", yaani yale yanayowapigia kura Democrats. Kesho yake Gavana Andrew Cuomo wa New York akajibu kwa namba mbili. New York, alisema, imeweka katika mfuko wa shirikisho dola bilioni 116 zaidi ya ilizorudishiwa. Kentucky imechota bilioni 148 zaidi ya ilizoweka. Sasa nani anamwokoa nani?

Hoja ya ufilisi haikuwa na miguu tangu mwanzo. Sura ya 9 ya sheria ya ufilisi ya Marekani inahusu miji, wilaya na taasisi za chini ya jimbo, ndiyo iliyotumiwa na Detroit mwaka 2013. Jimbo lenyewe halimo, na ili liingie sharti Bunge lipitishe sheria mpya. Namba za Cuomo ndizo zenye mambo. Zilisambaa sana, na mpaka leo zinarudiwa kila majimbo yanapogombana kuhusu fedha, kwa kawaida bila kutaja kwamba ni jumla ya miaka minne au zimekokotolewa vipi.

Chanzo chake ni Rockefeller Institute of Government ya Albany, mji mkuu wa New York, taasisi ya utafiti iliyo chini ya chuo kikuu cha jimbo la New York. Nazo zinahusu miaka minne ya fedha, 2015 hadi 2018. Hilo ni la kwanza kulisahihisha unapozikuta zimeandikwa kama za mwaka mmoja. Gawanya kwa nne, kisha kwa watu. New York, yenye wakazi wapatao milioni 19.6, ilitoa ziada ya takriban dola bilioni 29 kwa mwaka, karibu dola 1,480 kwa kila mkazi. Kentucky, yenye watu wasiofika milioni 4.5, ilipokea ziada ya bilioni 37 kwa mwaka, karibu dola 8,300 kwa kila mkazi. Ukitazama jumla, majimbo haya yanaelekea kulingana, moja likitoa na jingine likipokea. Ukitazama kwa kichwa, Kentucky iko mbali zaidi na sifuri kuliko New York, tena mara tano na ushee.

New York imekuwa na kilio hiki muda mrefu. Seneta Daniel Patrick Moynihan alianza mwaka 1977 kutoa ripoti za kulinganisha kodi ambazo jimbo lake linapeleka Washington na fedha zinazorudi. Baadaye Tax Foundation, taasisi ya utafiti wa kodi, ilikuwa ikitoa jedwali la majimbo yote. La mwaka wa fedha 2005 lilionyesha New York ikirudishiwa senti 79 kwa kila dola ya kodi na Kentucky dola 1.51. New Jersey ilikuwa mkiani kwa senti 61, New Mexico ikiongoza kwa dola 2.03. Kwa hiyo mwelekeo ni wa zamani, na haukuletwa na serikali ya chama fulani.

Msomaji wa Kenya aliyezoea mgao wa kaunti atatafuta fomula moja, kama ile inayotokana na ibara ya 203 ya katiba inayotaka angalau asilimia 15 ya mapato iende kaunti. Marekani haina kitu hicho. Hakuna mahali ambapo Bunge linakaa na kuamua Kentucky ipate kiasi hiki na New York kile. Salio la kila jimbo ni masalia: mamia ya programu zinazowafuata watu, mikataba na mishahara, ukatoe kodi zinazowafuata wenye kipato. Ndiyo maana mtu anayelikokotoa analazimika kuamua mambo mengi ambayo sheria haikuyaamua.

Upande wa kodi

Kosa la kawaida la anayeanza ni kuchukua takwimu za makusanyo ya mamlaka ya kodi, IRS, kwa kila jimbo. Takwimu hizo zinaonyesha kodi ililipiwa wapi. Kampuni yenye makao makuu Arkansas na maduka nchi nzima hukata kodi ya mishahara ya wafanyakazi wake wote na kuipeleka kwa anwani ya makao makuu, hivyo jimbo dogo linaonekana linalipa kodi ya watu ambao hawajawahi kulikanyaga. Anayejua kazi hii huanza na ritani za kodi ya mapato kwa anwani ya mlipaji, na mishahara kwa anwani ya mfanyakazi.

Mwaka wa fedha 2018 serikali ya shirikisho ilikusanya takriban dola trilioni 3.33. Kodi ya mapato ya watu binafsi ilikuwa kama asilimia 51, michango ya hifadhi ya jamii na bima ya wazee kama 35, kodi ya makampuni 6 tu. Hizo mbili za kwanza zinagawika majimboni bila ubishi mkubwa. Kodi ya makampuni ndiyo yenye ubishi: nani hasa anaibeba, mwenye hisa au mfanyakazi? Ofisi ya Bajeti ya Bunge huweka robo tatu kwa wenye mitaji na robo kwa wafanyakazi. Ukiwatwisha wenye hisa zaidi, New York na Connecticut zinapanda. Ushuru wa forodha na wa bidhaa, kama zile senti 18.4 kwa galoni ya petroli, hugawiwa kwa makadirio ya matumizi.

Kwa nini New York inalipa zaidi? Kipato cha wastani kwa mkazi mwaka 2018 kilikuwa takriban dola 68,000 New York na 42,000 Kentucky. Lakini wastani haueleze yote, kwa sababu viwango vya kodi vinapanda pamoja na kipato. Chukua watu wawili wasio na wenza kwa sheria ya 2018, kila mmoja akitumia punguzo la kawaida la dola 12,000, yaani sehemu ya kipato isiyotozwa kodi. Mwenye mshahara wa 42,000 anatozwa kodi kwenye 30,000: asilimia 10 ya 9,525 za kwanza na asilimia 12 ya 20,475 zinazobaki, jumla dola 3,409.50. Mwenye 252,000 anapitia ngazi zote hadi ya asilimia 35 na kulipa 59,689.50. Kipato mara sita, kodi mara kumi na saba na nusu. Sheria hiyo haitofautishi Manhattan ya New York na Louisville ya Kentucky. Ila Manhattan ina wengi wa namna ya huyu wa pili.

Michango ya hifadhi ya jamii inavuta kidogo kwa upande mwingine. Mwaka 2018 asilimia 6.2 ya mfanyakazi ilikomea kwenye mshahara wa dola 128,400. Wa kwanza analipa 2,604, wa pili 7,960.80, mara tatu tu. Jimbo lenye matajiri wachache na wafanyakazi wengi wa kipato cha kati linabeba sehemu kubwa zaidi ya michango kuliko ya kodi ya mapato, na anayetaja kodi ya mapato peke yake katika mjadala huu anaficha theluthi ya hesabu.

Upande wa matumizi

Matumizi hupangwa katika mafungu manne: malipo ya moja kwa moja kwa watu, ruzuku kwa serikali za majimbo na miji, mikataba ya manunuzi, na mishahara ya watumishi na wanajeshi. Riba ya deni na matumizi ya nje ya nchi huachwa nje, kwa kuwa hayana jimbo.

Fungu la kwanza ndilo kubwa: pensheni za hifadhi ya jamii, Medicare ya wazee, malipo ya ulemavu, msaada wa chakula. Linafuata umri, afya na umaskini. Kentucky, hasa kaunti za mashariki zilizokuwa za makaa ya mawe, ni miongoni mwa sehemu zenye idadi kubwa ya wanaoishi kwa malipo ya ulemavu. Kuna jambo linalopotosha hapa ambalo hutajwa mara chache. Aliyefanya kazi miaka arobaini Brooklyn akachangia, kisha akahamia Florida kustaafu, michango yake inahesabiwa New York na pensheni yake Florida. Hakuna jimbo lililomnyonya jingine hapo. Mtu amehama na haki yake.

Fungu la pili, ruzuku, limetawaliwa na Medicaid, bima ya afya ya maskini inayolipwa kwa pamoja na shirikisho na jimbo. Hapa ndipo pana fomula ya kweli, iliyoandikwa na Bunge, na ndipo malalamiko ya New York yana uzito. Sehemu ya shirikisho ni 1 toa 0.45 mara kipeo cha pili cha uwiano wa kipato cha jimbo na kipato cha taifa. Haishuki chini ya asilimia 50 wala kupita 83.

Tuipige. Kipato cha taifa mwaka 2018 kilikuwa takriban dola 54,000 kwa mkazi. Uwiano wa Kentucky ni kama 0.778, kipeo chake cha pili 0.605, mara 0.45 unapata 0.272, hivyo shirikisho linalipa asilimia 73 hivi. Fomula halisi hutumia wastani wa miaka mitatu ya nyuma, na kiwango cha Kentucky kwa mwaka wa fedha 2019 kilitoka 71.67. New York: uwiano 1.26, kipeo cha pili 1.59, mara 0.45 ni 0.71. Fomula ingewapa asilimia 29. Kinachowainua hadi 50 ni kile kiwango cha chini.

Kwa hiyo mwanasiasa wa New York anayesema fomula inawaonea ana nusu ya ukweli. Ile sakafu ya asilimia 50 ni upendeleo kwa majimbo tajiri, na New York inanufaika nao kuliko karibu jimbo lolote kwa kuwa Medicaid yake ni kubwa mno, zaidi ya dola bilioni 70 kwa mwaka. Hata kuondoa kipeo cha pili hakungewasaidia: 1 toa 0.45 mara 1.26 ni asilimia 43, bado chini ya 50, wakati Kentucky ingeshuka hadi kama 65. Kwa upande mwingine, kama New York ingelipiwa kwa kiwango cha Kentucky ingepata kwa makadirio ya juu bilioni 15 zaidi kwa mwaka, yaani nusu ya pengo lote la bilioni 29. Nasema makadirio ya juu kwa sababu watu wazima wa kipato cha chini walioongezwa na upanuzi wa Medicaid, ambao kila jimbo linaamua kuukubali au kuukataa, wana kiwango chao tofauti, kwa kawaida asilimia 94 mwaka 2018, na 90 tangu 2020 kwa kila jimbo lililokubali upanuzi. Kentucky ilikubali, upanuzi ukaanza Januari 2014 chini ya Gavana Steve Beshear, Democrat. Majimbo jirani ya kusini kama Tennessee yalikataa, na uamuzi huo ni sehemu ya jibu la kwa nini Kentucky inaonekana juu hivyo.

Fungu la tatu linahitaji kutazamwa kwa karibu kuliko yote, maana ndipo namba ya Kentucky inapovimba. Humana, kampuni ya bima ya afya yenye makao yake Louisville, inashikilia kupitia kitengo chake cha kijeshi mkataba wa bima ya afya ya wanajeshi na familia zao kwa ukanda wa mashariki, kuanzia Januari 2018. Kabla ya hapo ilishika ukanda wa kusini. Ni mabilioni ya dola kila mwaka. Mkataba unaandikwa Louisville, lakini mama anayejifungulia Florida au mwanajeshi mstaafu anayefanyiwa upasuaji North Carolina hawajaacha senti Kentucky. Fedha inapita Louisville kama karani wa posta anavyopitisha barua. Na kwa kuwa jimbo ni dogo, kila bilioni moja iliyoandikwa humo inaongeza dola 225 kwa kichwa. Bilioni hiyo hiyo ikiandikwa New York ingeongeza 51 tu.

Mwingine ni ghala la jeshi la Blue Grass karibu na Richmond, Kentucky, ambako shirikisho lilitumia miaka kujenga na kuendesha kiwanda cha kuteketeza silaha za kemikali kwa kutimiza mkataba wa kimataifa. Kazi ilikwisha Julai 2023. Ajira zilikuwapo, kweli, lakini kuita kazi hiyo "msaada kwa Kentucky" ni kulichukulia ghala la sumu kuwa zawadi. Kambi ya Fort Campbell nayo iko mpakani. Anwani ni ya Kentucky ilhali wanajeshi wengi wanaishi upande wa Clarksville, Tennessee, na kutumia mishahara yao huko. Mishahara, fungu la nne, ni ndogo kwa majimbo haya mawili. Inabadili hesabu ya Virginia na Maryland zaidi.

Kwa maoni yetu, anayetaka namba ya haki ya Kentucky aanze kwa kuutoa mkataba wa Humana na kuugawa kwa wanufaika wa ukanda mzima. Jimbo litabaki mpokeaji, tena mkubwa, kwa sababu ya Medicaid na malipo ya moja kwa moja. Ila huenda lisibaki karibu na kilele cha orodha.

Nakisi inayoficha wachangiaji

Kuna kasoro inayogusa majimbo yote. Katika miaka ile minne serikali ya shirikisho ilitumia kuliko ilivyokusanya: nakisi ya takriban bilioni 442, 585, 665 na 779, jumla karibu dola trilioni 2.47. Fedha zilizokopwa ziliingia majimboni kama matumizi lakini hazikuhesabiwa kama kodi ya mtu yeyote. Matokeo yake majimbo mengi yanaonekana yanapokea, na yanayotoa yanabaki machache. Ukiona jedwali ambalo karibu kila jimbo liko upande wa faida, ujue deni limeachwa nje.

Mgao wa kukisia unasaidia kuona ukubwa wake. Trilioni 2.47 kwa watu milioni 325 ni kama dola 7,600 kwa kichwa kwa miaka minne. Mzigo wa New York unakuwa bilioni 149, wa Kentucky bilioni 34. New York inashuka kutoka hasi 116 hadi hasi 265. Kentucky inabaki na chanya ya 114. Ukigawa deni kwa uwiano wa kodi wanazolipa badala ya vichwa, New York inashuka zaidi. Namba hizi ni za kuonyesha mwelekeo, kwa sababu sehemu ya deni ilikwenda kulipa riba na matumizi ya nje ambayo jedwali liliyaacha. Tax Foundation ilikuwa ikirekebisha nakisi kabla ya kutoa zile senti 79. Kwa hiyo usiweke takwimu zao za 2005 na za Rockefeller za 2018 kwenye mstari mmoja ukadai hali imebadilika.

Hoja ya 2020 iliishaje

Cuomo alijibu swali ambalo McConnell hakuliuliza. McConnell alizungumzia bajeti za serikali za majimbo, pensheni za watumishi wao na madeni yao. Namba za Cuomo zinahusu watu na kampuni zilizomo ndani ya mipaka ya jimbo. Pensheni anayolipwa mjane wa Pikeville, Kentucky, haiisaidii hazina ya Frankfort, mji mkuu wa jimbo hilo, kulipa walimu, na mfanyabiashara wa hisa wa Manhattan hakulipa kodi ile kwa niaba ya Albany. Fedha inayogusa bajeti ya jimbo ni ruzuku, na katika ruzuku ndipo kila upande ulipopaswa kupigania fomula.

Fomula ndizo zilizoamua. Sheria ya CARES ya Machi 2020, ya msaada wa janga la korona, ilitenga bilioni 150 kwa majimbo na maeneo mengine, kwa idadi ya watu, na kima cha chini cha bilioni 1.25 kwa kila jimbo. New York ilipata bilioni 7.543 na Kentucky 1.732, yote mawili dola 388 kwa kichwa. Wyoming, kwa kima cha chini, ilipata kama dola 2,160 kwa kichwa. Sheria nyingine ya mwezi huo iliongeza asilimia 6.2 kwenye sehemu ya shirikisho ya Medicaid. New York ikawa 56.2. Kwa kuwa nyongeza ilikuwa sawa kwa wote, jimbo lenye Medicaid kubwa ndilo lililofaidi.

Machi 2021, Democrats wakiwa wameishika Seneti, msaada ambao McConnell aliupinga ulipita bila kura hata moja ya Republican, chama cha McConnell. Majimbo yalitengewa bilioni 195.3. Safari hii bilioni 25.5 ziligawiwa sawa kwa sawa na kiasi kikubwa cha zilizobaki kikafuata sehemu ya kila jimbo katika idadi ya wasio na kazi mwishoni mwa 2020. Serikali ya New York ilipata bilioni 12.745, dola 631 kwa kichwa. Ya Kentucky 2.183, dola 484. Mabadiliko ya kipimo kimoja, kutoka idadi ya watu hadi idadi ya wasio na kazi, yaliisogeza New York mbele ya Kentucky bila mtu kutaja zile bilioni 116.

Pigano la New York upande wa kodi lilikuwa gumu zaidi. Tangu 2018 mlipakodi aliweza kupunguza kwenye hesabu yake ya shirikisho kodi za jimbo na za mji zisizozidi dola 10,000. New York, Connecticut, Maryland na New Jersey zilishtaki mwaka huo huo na kushindwa mwaka 2019, kisha katika rufaa mwaka 2021. Kiwango kilipanda hadi 40,000 kwa sheria ya Julai 2025, nafuu ikipungua kwa wenye kipato cha zaidi ya 500,000, na kitarudi 10,000 mwaka 2030. Atakayekokotoa salio la New York kwa miaka ya 2025 hadi 2029 atakuta limesogea upande wa jimbo kidogo. Atakayelinganisha na miaka ya 2020 na 2021 atakuta upuuzi, kwa sababu fedha za janga zilifanya karibu kila jimbo lionekane linapokea, na zile za 2021 zimeruhusiwa kutumika hadi tarehe 31 Desemba 2026.